Kumpeleka mtoto kutazama treni stesheni ya TAZARA Mbeya: tathmini kwa wazazi

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba, stesheni ya TAZARA ya Mbeya tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili tunaipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma. Nyota iliyokosekana kwa wakubwa ni ya ratiba. Ukienda kwa ajili ya treni moja ya abiria, uione na kuondoka, uwezekano ni mkubwa kwamba utarudi nyumbani umebeba mtoto anayelia. Ukienda kutazama stesheni yote na yadi yake, vichwa vya treni vinavyopanga mabehewa na mizigo inayopita kwenda Zambia, treni ya abiria ikifika itakuwa nyongeza, na isipofika siku haijaharibika. Mengi ya hapa chini yanatokana na hilo.

Treni gani, siku gani

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Treni za abiria za masafa marefu ni mbili: Mukuba, ambayo ndiyo ekspresi, na Kilimanjaro, inayosimama vituo vingi zaidi. Kwa ratiba iliyozoeleka miaka mingi, treni huondoka Dar es Salaam Jumanne na Ijumaa, na upande wa Kapiri Mposhi vilevile Jumanne na Ijumaa. Mbeya iko karibu katikati ya njia, kwa hiyo treni za pande zote mbili huiangukia Jumatano na Jumamosi, mchana. Jumamosi ndiyo siku ya mzazi: hakuna shule, na kuna nafasi ya kuona treni mbili kwa safari moja.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Njia yenyewe ni moja, na treni hupishana kwenye stesheni zenye njia ya pili. Moja ikichelewa, nyingine inakaa kuisubiri, na hivyo ucheleweshaji mmoja huzaa wa pili. Ongeza hapo uchache wa vichwa, vipande vya njia vyenye amri ya kwenda polepole, mvua zinazokula tuta upande wa Mlimba, na behewa la mizigo lililoacha reli mahali fulani. Kuchelewa saa tatu si habari kwa mtu yeyote pale. Kuchelewa nusu siku hutokea. Kuna vipindi pia ambapo treni ya abiria husitishwa kabisa huku ya mizigo ikiendelea. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia ziliingia mkataba wa dola za Marekani bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC ya China wa kuikarabati reli na kuiendesha. Kazi ya namna hiyo hugusa ratiba, basi ile ya zamani usiishike kama msahafu.

Njia ya kujua ni hii. Siku moja kabla, ulizia dirisha la tiketi kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Asubuhi ya siku yenyewe uliza tena, na usiulize "itafika saa ngapi", maana utajibiwa saa ya kwenye ratiba. Uliza "imepita wapi?" Hapo mtu wa stesheni atakupa jina la kituo, na wewe utapiga hesabu mwenyewe. Ikiwa ndiyo kwanza inatoka Makambako, una saa nne hadi tano: mtoto apate chakula na usingizi kwanza. Ikiwa iko Chimala, una saa mbili hivi: anza kujiandaa. Ikiwa imefika Uyole, uwe umeshafika stesheni. Kwa inayotoka Zambia, kituo cha kuulizia ni Tunduma, na ikishaondoka pale una saa tatu hadi nne.

Kuna mtego mmoja wa saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu aliye Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, akikwambia kwa simu kwamba treni imeondoka saa mbili asubuhi, kwa Tunduma ni saa tatu. Wapo wanaowahi stesheni saa nzima mapema kwa kosa hili, na saa nzima ya mtoto wa miaka mitatu ni ndefu sana.

Kufika

Stesheni haiko katikati ya mji. Iko upande wa Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kutoka Kabwe au Mafiati panda daladala za Mbalizi na umwambie kondakta akushushe Tazara. Kila kondakta anapajua. Kutoka Uyole usishuke shuke ovyo, uliza gari linalovuka mji hadi upande huo. Bajaji ni rahisi zaidi ukiwa na mtoto na mizigo, ila patana bei ya kwenda tu. Usimwambie dereva akusubiri, kwa sababu hujui utasubiri nini.

Hatari kubwa ya safari yote iko hapa, na watu huidharau kwa sababu akili yao iko kwenye treni. Barabara hiyo ndiyo njia ya malori yote ya Zambia na Kongo. Ukishushwa ng'ambo, mbebe mtoto au mshike kifundo cha mkono (kiganja huteleza), na vukeni baada ya daladala kuondoka kabisa. Kuvuka mbele ya daladala iliyosimama ndiko kunakoua, kwa kuwa lori linaloipita haliwaoni.

Kuingia

Ukumbi wa stesheni ni mkubwa, wa dari ya juu, kazi ya Wachina wa miaka ya sabini, na siku isiyo na treni unakuwa karibu mtupu. Kwa mtoto huo ukumbi peke yake ni uwanja: kuna sakafu ya kukimbilia, mwangwi wa kujaribu sauti, na dirisha la tiketi la kuchungulia. Jukwaani ni habari nyingine. Asiye na tiketi haingii kwa haki yake, anaingia kwa hisani. Sasa hisani ya Mbeya inapatikana kwa adabu. Usipite tu. Tafuta mlinzi au mfanyakazi aliye mlangoni, msalimie, shikamoo kwa mkubwa, "habari za kazi" kwa rika, kisha sema wazi: "Nimemleta mtoto aone treni, tunaomba tukae pembeni, hatutasogea relini." Mtoto naye aamkie. Shikamoo ya mtoto wa miaka minne hufungua milango mingi kuliko kitambulisho. Ukikataliwa, usibishane. Uliza ni wapi unaruhusiwa kusimama, na mara nyingi utaonyeshwa mahali panapoonekana vizuri.

Picha zinahitaji ruhusa yake peke yake. Stesheni, madaraja na yadi za reli ni mahali ambapo walinzi hawapendi kuona simu imeinuliwa. Omba kwa stesheni masta au mlinzi kabla ya kuitoa mfukoni, na upige mtoto akiwa na treni nyuma yake. Ofisi, mitambo na walinzi wenyewe usiwaweke kwenye picha.

Mahali pa kusimama

Mgongo ukutani mwa jengo, katikati ya jukwaa. Wengi hukimbilia kwenye ncha ili waone kichwa kikija, na kwa mtoto mdogo hapo ni pabaya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni honi. Honi ya treni kwa umbali wa mita 30 inazidi desibeli 95, na sikio la mtoto haliizoei. Mtoto aliyeshtushwa na honi mara ya kwanza hukataa kurudi mwezi mzima. Ya pili ni kwamba ncha za jukwaa ndiko wanakopita watu wa kazi, mikokoteni na wachuuzi wanaowahi mabehewa ya mbele.

Mfundishe mtoto mambo mawili kabla treni haijaonekana. Aweke vidole masikioni ukisema "honi", na mlifanyie mazoezi hili kama mchezo. Na asimame nyuma ya mstari mtakaouchagua pamoja, angalau hatua tatu kubwa za mtu mzima kutoka ukingo. Umbali huo una sababu: upana kati ya reli mbili za TAZARA ni milimita 1,067 tu, lakini behewa ni pana zaidi, linatokeza karibu mita moja nje ya reli kila upande. Anayeangalia reli na kudhani treni itapita juu ya reli tu, anakosea kwa mita nzima. Jambo jingine: kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea macho huonekana kama kinatambaa. Watoto hawana kabisa uwezo wa kukadiria mwendo huo, na watu wazima wanao kidogo tu. Treni ya mizigo iliyoshika mwendo huhitaji mamia ya mita kusimama, hata dereva akikuona mapema.

Dakika ya hatari zaidi ni treni inapoondoka. Inapoingia kila mtu yuko macho. Inapoondoka, aliyekuwa akinunua ndizi anakimbia kudandia mlango, mchuuzi anakimbia kufuata chenji dirishani, na anayesindikiza anakimbia kwa mapenzi. Rudini ukutani mapema. Mabasi yetu huandika "abiria chunga mzigo wako". Hapa mzigo ni huyo uliyemshika mkono.

Mtoto asiruhusiwe kuokota kokoto katikati ya reli, hata treni ikiwa haipo. Vyoo vya mabehewa ya zamani humwaga moja kwa moja njiani.

Cha kuonyesha

Hapa ndipo stesheni ya Mbeya inapoishinda hata SGR, ile reli mpya ya kisasa, kwa mtoto. Treni za umeme za Dar es Salaam, zilizoanza kubeba abiria 2024, ni safi na zinaheshimu saa, lakini unapita ukaguzi, unapanda, unashuka, na mtoto haoni kazi ya reli ikifanyika. Mbeya kazi yote iko wazi mbele ya macho.

Anza na kuangalia shantingi. Kichwa kimoja kinasukuma mabehewa, kinayaacha, kinabadili njia, kinarudi kuvuta mengine. Mwonyeshe mtoto pointi, yaani pale reli mbili zinapoachana, na zile ncha nyembamba zinazosogea kuchagua njia. Mtoto wa miaka mitano akishaelewa pointi anaweza kutabiri kichwa kitaelekea wapi, na huo mchezo wa kutabiri unakula nusu saa bila malalamiko. Sikilizeni pia mabehewa yakivutwa: viunganishi vina nafasi kidogo, hivyo kichwa kinapoanza kuvuta, mlio wa chuma hukimbia kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Mwambie afuate ule mlio kwa kidole. Hakuna anachokipenda zaidi ya hicho, isipokuwa kiberenge.

Kiberenge kikitokea, acha kila kitu. Ni kigari kidogo cha wakaguzi na mafundi wa njia kinachopita juu ya reli, na kwa mtoto ni kama treni imezaa. Hakina ratiba, ni bahati.

Mabehewa ya mizigo yafundishe kwa umbo. La mviringo kama pipa lililolala ni la mafuta. La sakafu tupu hubeba makontena, au shaba kutoka Zambia: mabamba yaliyofungwa mafungu mafungu, madogo kwa umbo lakini mazito kiasi kwamba behewa linaonekana nusu tupu huku limeshajaa kwa uzito. Mtoto atauliza kwa nini hawajazi, na hilo ni swali zuri. La mlango wa kuteleza pembeni hubeba vitu visivyopenda mvua, kama mbolea na saruji. La wazi juu, la mdomo mpana, hubeba kokoto za njia. Hizo kokoto nazo zina kazi: zinashika mataruma, yaani vipande vya kukingama ambavyo reli hulala juu yake, yasihame, zinapitisha maji ya mvua, na zinagawa uzito wa treni ardhini. Mataruma ya TAZARA kwa sehemu kubwa ni ya zege, na mtoto aliyezoea kusikia kwamba reli hulala juu ya mbao atashangaa kidogo.

Kuhesabu ni kazi nyingine nzuri. Treni ya mizigo ina mabehewa ishirini na zaidi, na mtoto anayejua hadi kumi hukwama. Mpe njia: kila akifika kumi, wewe unakunja kidole kimoja, naye anaanza upya. Mkubwa kidogo ahesabu magurudumu: behewa la kawaida lina manane, manne kila upande, yamefungwa mawili mawili kwenye fremu inayozunguka kidogo ili behewa liweze kukata kona. Mwonyeshe pia ukingo wa ndani wa gurudumu uliotokeza kwenda chini. Huo ndio unaoizuia treni isitoke relini, na ukiisha au reli ikipanuka kupita kiasi, ndipo mabehewa yanapoanguka.

Treni ya abiria ikija, msisitizo ubadilike uwe kwa watu. Mtafute gadi na bendera zake, ya kijani na nyekundu. Mtafute stesheni masta. Angalieni madirisha: daraja la kwanza ni vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, la tatu ni viti, na huko ndiko kwenye vichwa vingi madirishani na biashara nyingi. Kuna behewa la chakula katikati. Mkipita dirisha la jiko mtaona moshi na sufuria. Treni ikisimama kabisa, na kwa kuwa Mbeya ni kituo kikubwa haikurupuki kuondoka, omba ruhusa umsogeze mtoto aone kichwa kwa karibu. Kitakuwa kinanguruma hata kikiwa kimesimama, na mara kwa mara kitatoa upepo kwa kishindo. Mwambie mapema.

Mara chache kwa mwaka hupita pia treni ya kitalii ya Rovos Rail kutoka Afrika Kusini, safari ya siku 15 kati ya Cape Town na Dar es Salaam. Kampuni hutangaza tarehe zake mapema mno. Ni treni ya kutazama kwa mbali, kwa kuwa ulinzi huwa mkali, ila mabehewa yake ya kijani yanayong'aa mtoto hatayasahau.

Vya kubeba

Mbeya ni baridi kuliko wageni wanavyodhani na jua lake ni kali kuliko wenyeji wanavyokiri. Sweta na kofia, vyote viwili, hata kama asubuhi ni nzuri. Juni na Julai ongeza soksi na koti la upepo. Novemba hadi Aprili mvua hunyesha ghafla mchana, basi beba mwavuli au kitenge cha ziada. Kitenge kingine cha kukalia. Mbeleko kwa mdogo, hata kama anatembea, kwa sababu usingizi humkuta palepale. Maji lita moja kwa mtoto mmoja. Karatasi ya chooni na maji ya kunawa: mpeleke mtoto chooni kabla hamjatoka nyumbani na mara tu mnapofika, usingoje aseme.

Chakula usijaze sana kwenye mfuko. Siku ya treni wachuuzi wapo: ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, parachichi kwa msimu. Chagua vya maganda. Kinachohitaji sahani na kijiko kitamwagika dakika ambayo treni inaonekana.

Kungoja

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukaa saa moja na nusu pale bila treni ya abiria kama yadi ina shughuli, na dakika arobaini kama haina. Weka kikomo chako hapo na ukiheshimu. Kosa la kawaida ni kuongeza nusu saa, halafu nyingine, kwa kuwa "imeshakaribia". Kikomo kikifika, muulize mtu wa stesheni mara ya mwisho imepita wapi. Kama haijafika Uyole, nendeni. Usimwahidi mtoto treni ya abiria kabla ya kutoka nyumbani. Mwambie mnakwenda stesheni. Ahadi ya stesheni unaweza kuitimiza siku yoyote.

Kuhusu Uyole na Inyala

Wapo wanaoshauri kutazama treni nje ya stesheni, upande wa Uyole na Inyala, na kwa masikio wana haki. Sehemu ya juu kuliko zote katika reli nzima iko Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Treni inayotoka Chimala inapanda mamia ya mita kuifikia, kichwa kikitumia nguvu zake zote, na mngurumo husikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Lakini barabara kuu inapanda mlima huohuo, na mteremko wa Inyala unajulikana kwa ajali za malori yanayokatika breki. Kusimamisha gari kando ya barabara pale na mtoto hatupendekezi hata kidogo. Kama una ndugu anayekaa upande huo, kaa uani kwake, mbali na lami na mbali na reli, mkasikilize mlima ukifanya kazi.

Kumpandisha kabisa

Mtoto akishazoea kutazama ataomba kupanda. Kupanda Mbeya kwenda Tunduma mchana kuna kasoro moja: treni ikichelewa, mnafika mpakani usiku, na Tunduma usiku si mahali pa kuzungusha mtoto. Kwenda Makambako kutoka Mbeya kuna tatizo lilelile la giza.

Geuza safari. Nendeni Makambako kwa basi Ijumaa mchana, mlale pale, na Jumamosi asubuhi mpande treni inayotoka Dar kuja Mbeya. Kwa ratiba hupita Makambako asubuhi, na hata ikichelewa saa tatu au nne bado mtasafiri kwa mwanga. Tiketi ikatwe mapema, na uulize dirishani nauli ya mtoto kwa umri wake kamili. Kwa kipande kifupi kama hiki viti vinatosha. Ukitaka chumba, kumbuka kwamba wanaume na wanawake hulazwa vyumba tofauti isipokuwa familia imenunua chumba kizima, jambo linalowashtua baba na mama walioshika mtoto mmoja.

Kaeni dirisha la kulia mkitaka kuona bonde la Usangu na mashamba ya mpunga ya Chimala na Igurusi, kushoto mkitaka milima ya Kipengere. Baada ya Uyole hamieni kulia tena, mlima Loleza utajitokeza juu ya mji. Kichwa na mikono ya mtoto visitoke dirishani: vichaka hukua hadi karibu na mabehewa, na nguzo hazina huruma.

Mahandaki mengi na daraja la Mpanga, lenye nguzo za mita 50, viko upande wa pili, kati ya Mlimba na Makambako, hivyo kwenye safari hii hamtaviona. Hiyo ni safari ya mtoto mkubwa zaidi.

Kwa walio Iringa

Mji wa Iringa hauna reli, na kituo cha karibu chenye maana ni hichohicho Makambako, zaidi ya kilomita 150 kupitia Mafinga. Kwenda na kurudi siku moja ili kutazama tu haina faida kwa mtoto: ni saa nyingi za basi kwa treni ambayo huenda isije. Inafaa mkiunganisha na kupanda kwenda Mbeya kama ilivyoelezwa hapo juu, kisha mkarudi Jumapili kwa basi la moja kwa moja. Makambako chagueni nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni na mwombeni mhudumu awaamshe treni ikikaribia. Wengi wao huijua honi yake na hawahitaji saa.